Nimefungua mzigo wa kutengenezea holsta (ala za bastola): ngozi, uzi, sindano, gundi na vifungo, kipi nitanunua tena na kipi sikitaki

Haya wadau, mafundi wenzangu wa ngozi, karibuni tena mezani kwangu. Leo sishoni kitu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, leo nachambua mzigo wa vifaa niliouagiza, na sio kufungua tu boksi mbele ya kamera alafu nasifia, hapana, huu mzigo nimeshautumia wiki tatu, nimetoa holsta nne za bastola na ala mbili za visu, kwa hiyo ninachowaambia nimekishika kwa mkono wangu. Wengi mnaniuliza ninunue mashine gani, ninunue stempu gani za kuchorea maua, mi jibu langu ni lilelile, hela yako iweke kwenye ngozi kwanza, maana ngozi ikiwa mbaya hakuna mkono wa fundi utakaoiokoa.

Tuanze na hii hapa, nasogeza kamera kidogo. Hiki ni kipande cha bega, yani sehemu ya juu ya mnyama kuanzia shingoni kwenda mgongoni, imesindikwa kwa magome ya miti, unene milimita 3.4. Wauzaji wengi wa Marekani hawaandiki milimita, wanaandika aunsi, na aunsi moja ni kama milimita 0.4, kwa hiyo ukiona wameandika aunsi 8 mpaka 9 ujue ni milimita 3.2 mpaka 3.6 hivi, na huo ndo unene ninaoupenda kwa holsta ya kiunoni inayovaliwa nje ya suruali. Chini ya hapo inalegea haraka, juu ya hapo mteja anatembea na ubao. Ikiwa ya kuvaa ndani ya suruali nashuka mpaka milimita 2.8 au 3, mtu asiumie.

Sasa angalia huu ukingo niliokata. Rangi ni moja, kahawia hafifu kuanzia juu mpaka chini, katikati hakuna mstari. Hiyo ni dalili nzuri. Ngozi ya kromu, yani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, ukiikata mara nyingi unaona katikati kuna rangi ya kijivu inayoelekea bluu, hata kama juu wamepaka kahawia. Na ukinusa, hii ya magome inanukia mti, ile nyingine inanukia dawa.

Kwa nini nang'ang'ania hili jambo? Kwa sababu lilishaniumiza. Mwaka juzi kuna muuzaji, simtaji, aliniuzia ngozi akasema ni ya magome, mi sikupima, nikakata, nikashona, nikaja kulowesha ili niitengeneze umbo la bastola, ngozi ikakubali vizuri kabisa, kesho yake asubuhi ilivyokauka imerudi bapa kama vile sijaigusa. Nikailowesha tena, ikarudi tena. Kromu haishiki umbo, ni ngozi nzuri sana kwa mikoba na makoti, laini, inavumilia maji, ila kwa holsta haifai. Tena siyo umbo tu, ngozi ya kromu inaweza kubaki na chumvi ambazo zikikutana na unyevu zinakula chuma. Holsta moja ya ule mzigo ilikuwa imeshamfikia mteja, nikampigia mwenyewe, nikamrudishia hela yake yote na nikamwomba aitoe bastola humo siku hiyohiyo. Iliniuma sana, sio hela, ni ile kwamba mtu aliniamini.

Toka siku hiyo kila kipande kinachoingia hapa kinapimwa, na kipimo chenyewe ni hiki kwenye chupa. Humu kuna siki ya kawaida na steelwool, ile ya kusugulia masufuria, nimeiosha mafuta kwa sabuni kwanza, nikaitumbukiza, nikaacha wiki nzima na kifuniko kimelegezwa kwa sababu inatoa gesi. Nadondosha tone moja upande wa nyuma wa ngozi. Subirini... mnaona? Inaanza kijivu, sasa inakuwa nyeusi. Chuma kilichoyeyuka kwenye siki kinakutana na tanini, ile dawa ya asili iliyomo kwenye magome, ndo kinatoa huo weusi. Haya nadondosha tone lilelile kwenye kipande cha kromu. Imelowa tu, hakuna cheusi. Kuna ngozi za mchanganyiko, kromu alafu wakamalizia na magome, hizo nazo zinaweza kuwa nyeusi, ndo maana siangalii tone peke yake, naangalia na ukingo, na nalowesha kipande kidogo nakikunja naacha kikauke, kikibaki kimekunjika ndo nanunua ngozi nzima. Kwa hiyo kabla hujaagiza mzigo mkubwa omba sampuli, muuzaji anayekataa kukutumia kipande cha ukubwa wa kiganja achana naye.

Kitu kingine kuhusu ngozi, tumbo. Muuzaji akikwambia ngozi nzima bei nafuu, angalia anakuuzia sehemu gani ya mnyama. Tumbo linavutika, holsta ya tumbo leo inabana vizuri, baada ya miezi bastola inacheza humo kama kitu kwenye mfuko wa plastiki. Mgongo na bega ndo kwenyewe. Tumbo nalitumia kujaribia rangi na gundi, basi. Huyu muuzaji wa safari hii nampa heshima yake, bega limekuja safi, kovu moja tu la kupe hapa pembeni, unene nimepima sehemu sita na tofauti haikufika milimita 0.3. Nitanunua tena.

Uzi. Nilichukua aina mbili. Wa kwanza ni Ritza 25, ule uzi wa Kijerumani wenye chapa ya chui milia, poliesta uliosukwa bapa na una nta, nimechukua wa milimita 0.8 na wa 1.0. Wa pili ni uzi wa bei rahisi wa duara, hauna jina, umeandikwa tu una nta. Huu wa pili jamani nta yake ni kama imepakwa kwa nje tu, ukivuta mara kumi imebaki vidoleni, alafu uzi unaanza kutoa manyoya, nikawa napitisha mwenyewe kwenye nta ya nyuki upya. Haukatiki, lakini unakula muda. Ule bapa unalala vizuri, mshono unaonekana mnene, na mwisho nauchoma kidogo na kiberiti unajifunga. Kwa holsta natumia wa 1.0, kwa ala ya kisu kidogo wa 0.8 unatosha.

Na hapa nataka nirekebishe kitu ambacho wengi tunafundishana. Mnaambiwa kata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Hiyo ni ya pochi, ngozi nyembamba. Sisi hapa tunashona tabaka mbili za 3.4, karibu milimita 7. Piga hesabu, tundu hadi tundu milimita 5, ongeza 7 za kupita kwenye unene, inakuwa 12, na nyuzi zinazopita ni mbili kwa sababu tunashona kwa sindano mbili, kwa hiyo 24 kwa kila tundu. Yani ni karibu mara tano ya mshono, na bado hujaacha uzi wa kushikia na wa kurudi nyuma tundu mbili tatu mwishoni. Mi nakata mara sita. Uzi ukikuishia katikati ya mshono wa holsta, tena pale karibu na triga, yani kifyatulio cha bastola, itakubidi uunge mahali ambapo hupendi kuwe na kiungo.

Na msishone holsta kwa mshono wa mashine ya nguo. Mashine inafunga nyuzi mbili katikati ya ngozi, ukikatika mmoja mahali pamoja mshono unaweza kufumuka, ila huu wa mkono wa sindano mbili kila uzi unapita tundu zote, ukikatika hapa jirani zake wanashikilia.

Sindano ni John James, za Uingereza, zile butu za kushonea matandiko ya farasi, namba 002. Sindano nzuri inapinda kidogo bila kuvunjika, na tundu lake halikati uzi. Nimechukua pakiti moja, wiki tatu nimevunja moja tu, na hiyo niliivuta kwa koleo kwa nguvu. Nazipenda, sina la kuongeza.

Huu uma wa kutobolea wenye meno sita, nafasi milimita 5. Sikilizeni, uma huu ni mzuri wa kupima nafasi, msiulazimishe kutoboa milimita 7 kwa nyundo, utanasa na ukiuvuta utapindisha meno. Mi nagonga nusu tu upande wa mbele nipate alama zilizonyooka, alafu namalizia kila tundu na maharazi, kile chuma chenye ncha na mpini cha kutobolea, yaliyonolewa vizuri. Maharazi butu ni shida kweli, yanakutoka yanakuingia kiganjani. Yanoe, yasugulie kwenye mkanda wa ngozi, yawe yanang'aa.

Gundi ni ile ya kupaka pande zote mbili unasubiri. Hii niliyochukua nimepaka, nikasubiri dakika kumi na tano mpaka kidole hakinati, nikabana, nikajaribu kubandua kipande cha majaribio, ngozi imechanika kabla gundi haijaachia. Hapo nimeridhika. Ila kwaruza kwanza ule upande laini unapobandika, na fungua madirisha, harufu yake inapanda kichwani.

Vifungo vya kubonyeza, hapa nina malalamiko. Imeandikwa ni shaba ya njano. Haya, sumaku hii. Sikieni, tak! Imenata. Shaba hainati kwenye sumaku, hiki ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kiunoni kuna jasho, kitashika kutu na kutu inatia doa ngozi na inakwaruza bastola. Pakiti nzima nimeiweka pembeni, sitaifunga kwenye kazi ya mteja hata moja. Nunueni sumaku ndogo mtembee nayo.

Sasa nimalizie na hii holsta, hii ya vipande viwili, niliyoshona jana kwa ngozi hii mpya. Mstari wa mshono niliupima hivi, bastola ina unene wa sentimita 2.5, nusu yake milimita 12 na ushee, nikaongeza unene wa ngozi, ikaja kama milimita 16 kutoka kwenye mchoro wa bastola. Nimeilowesha maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yakapungua, nikaiacha kwenye mfuko mpaka rangi ikaanza kurudi, ndo nikaingiza bastola ya mfano, ile ya plastiki ya bluu. Kama huna ya mfano basi unatumia yenyewe ya mwenye leseni, iwe tupu, umekagua chemba, pale risasi inapokaa, mwenyewe kwa macho na kwa kidole, risasi zipo chumba kingine, na umeifunga kwa nailoni isilowe. Alafu nasugua na huu mfupa laini kuzunguka ile pete ya triga na pale pa kutolea maganda ya risasi. Ikaushwe kwa feni, siyo juani wala kwenye oveni ya moto mkali, ngozi ikiungua inakuwa ngumu na inapasuka.

Angalieni hapa karibu. Triga yote imefunikwa, kidole hakiingii, na mdomo wa holsta umesimama, haujikunji ndani. Hili ndo ninaloliangalia kuliko rangi, mdomo ukilegea ngozi inaweza kujikunja ikaingia kwenye triga wakati mtu anarudisha bastola. Holsta ya zamani ikishafika hapo mwambie mwenyewe usitumie tena, hata kama anaipenda, na mwambie asiihifadhi bastola kabatini ikiwa ndani ya ngozi, maana ngozi inashika unyevu.

Mafuta nimepaka mara moja tu, kidogo sana kwa kitambaa, nikizidisha inalainika na umbo linapotea. Kingo nimepitisha msasa 220, 400, 600, nikalowesha, nikasugua kwa kipande cha turubai na nta mpaka vipande viwili vinaonekana kimoja.

Nageuza juu chini na bastola ya mfano ikiwa ndani, natikisa. Haitoki. Navuta, inatoka na kale kamlio. Hapa nyuma kwenye mkono wa bastola inabana kupita kiasi, nimeona inagusa kidole cha kati wakati wa kushika, kwa hiyo holsta inayofuata nitashusha ukingo huu milimita 4, nimeshachora kwenye kiolezo kwa kalamu nyekundu, huu hapa.