Magemu ya kununua kabla hayajaisha kutengenezwa: rivyuu ya mtu wa Mbeya anayehesabu bando

Wakuu, hii mada ya magemu ya erli akses huwa inaongelewa zaidi na watu wenye faiba isiyo na kikomo, ndo maana ushauri wao wote unaishia pale pale, nunua kama limekupendeza lilivyo leo, usinunue ahadi. Sawa, hata Steam wenyewe, lile duka la magemu ya kompyuta la mtandaoni, wanaandika onyo la hivyo kwenye ukurasa wa kila gemu la aina hii. Lakini sisi wa Uyole, Iyunga, Mwanjelwa na huko Tukuyu ambako mvua ikianza kunyesha hata mtandao unajikunyata, gemu ambalo halijaisha unalilipia mara mbili. Kwanza dola, halafu bando, na hiyo ya bando haiishi mpaka watengenezaji waamue wenyewe kuacha kuleta apdeti. Kwaiyo mi nayapima kwa kitu kimoja kabla ya vingine vyote: apdeti zake zina GB ngapi na zinakuja mara ngapi kwa mwaka.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini, erli akses ni gemu linauzwa likiwa bado linatengenezwa, unalipa, unacheza kile kilichopo, wao wanaendelea kuongeza na kurekebisha, siku likikamilika wanaliita 1.0 na wewe hulipi tena. Steam walifungua huo mlango Machi 2013 ila Minecraft ilishafanya hivyo kabla, ilianza kuuzwa 2009 na toleo rasmi likaja Novemba 2011. Wengine wanamaliza haraka, Hades ilianza Desemba 2018 na Septemba 2020 ikawa imekamilika. Wengine sasa, aisee. 7 Days to Die iliingia Desemba 2013 ikafika 1.0 Julai 2024, yani mtoto aliyezaliwa siku gemu linawekwa sokoni alishafika umri wa mtihani wa darasa la nne.

Najua swali litakalofuata, kwanini nitoe hela wakati pale mjini kuna vijana wanakuwekea gemu kwenye flashi kwa pesa ya chipsi kavu. Tuache habari ya uhalali kwa dakika moja tuongelee bidhaa yenyewe. Gemu la flashi limegandishwa siku lilipovunjwa. Lile lililokamilika unaweza usione tofauti, ila gemu ambalo bado linajengwa ukilichukua kwa flashi umechukua msingi na kuta mbili, nyumba yenyewe inaendelea kujengwa kwa walionunua. Bagi, yani hitilafu, inayokufutia faili la sevu lenye kumbukumbu ya ulipofikia ilirekebishwa zamani huko Steam, wewe bado unayo, na ukirudi kwa yule kijana anakwambia hiyo ndo version aliyonayo. Magemu ya aina hii ndo pekee ninayoweza kumshawishi mtu wa flashi anunue, na hoja yangu haina hata maadili ndani yake.

Kulipa siku hizi sio shida kama zamani, kadi ya mtandaoni unaitengeneza kwenye simu na unaijaza kutoka kwenye salio lako. Steam haina bei ya shilingi kwaiyo sisi tunaona dola, na gemu la dola 19.99 ukipiga kwa 2,500 ni kama elfu hamsini, ongeza makato. Halafu kuna kitu watu hawakitumii, rifandi. Ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa 2 pesa inarudi, na gemu la erli akses nalo limo. Muda wa kudaunilodi hauhesabiwi kwenye zile saa 2, hilo ni jema kwetu, ila zile siku 14 zinaanza kuhesabiwa siku umelipa, sio siku ulipopata bando la kulishusha. Kwaiyo usinunue kwenye punguzo la bei ukalaza gemu hapo mwezi mzima ukisubiri hela ya GB. Na kama kadi yako ni ya muda, omba pesa irudi kwenye pochi ya Steam, usiitafutie matatizo.

Haya, tuje kwenye magemu yenyewe.

Project Zomboid ndo ninalolipa alama za juu, na sababu yake itawachekesha, watengenezaji wake wanaenda taratibu mno. Ni Waingereza wanaojiita The Indie Stone, walianza kuliuza 2011, na mwaka huo huo wezi waliwavunjia nyumba wakabeba laptopu zenye kazi yao, wakabaki na pengo kwenye maandishi ya programu kwa sababu hawakuwa na nakala ya kazi ya karibuni. Wakaendelea. Steam wakaingia Novemba 2013. Build 41, yani toleo lao la 41, ikawa rasmi Desemba 2021, na Build 42 ikaja Desemba 2024 tena kwa majaribio. Miaka mitatu! Wazungu walikuwa wanapiga kelele watengenezaji wamelala, mimi huku nasema ndaga fijo, asanteni sana, laleni tu. Mwanzoni yalikuja marekebisho madogo ya mabagi, halafu kimya, na muda wote huo laptopu yangu haikuniomba bando la maana. Gemu lenyewe lote ni GB chache tu, usiku mmoja wa bando la usiku linaingia na chenji inabaki.

Na uchezaji wake ni wa kwetu kabisa ingawa ni Kentucky ya mwaka 1993. Watu wamegeuka mazombi, wewe umebaki, na hakuna kushinda, gemu linakwambia mapema kwamba hii ni hadithi ya jinsi ulivyokufa. Kwenye mpangilio wa kawaida umeme na maji vinakatika wakati wowote ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo unakinga mvua kwenye mapipa, unachemsha maji, unapanda viazi na kabichi. Mtu wa Isongole au Umalila hafundishwi viazi na kompyuta, lakini kuna raha yake kuona mtengenezaji wa Uingereza amekaa chini akafikiria magonjwa ya mazao na nini kinatokea usipomwagilia. Umeme ukikatika kwenye gemu halafu ukakatika na hapa mtaani kwa wakati mmoja, unabaki unaangalia kioo cheusi hujui umeuawa na nani. Linajisevu lenyewe unapocheza ila siku ya kukatikiwa ghafla usilitegemee sana, kama betri yako imechoka toka ndani ya gemu mara kwa mara.

Build 42 imeongeza mifugo, kuku, ng'ombe, nguruwe na kondoo, imeongeza vyumba vya chini ya ardhi, ufinyanzi na uhunzi. Ulimwengu uliouanza kwenye 41 haufunguki kwenye 42, hilo walilisema wazi. Na hapa ndo nawapenda zaidi, hawakumlazimisha mtu. 42 ilipotoka waliiweka kwenye tawi la majaribio, unaenda kwenye sifa za gemu, sehemu ya Betas, unachagua mwenyewe. Asiyechagua akabaki 41, na bando lake likabaki. Kila mtengenezaji wa gemu lisiloisha angefanya hivi ningekuwa na shelfu limejaa.

Kasoro zipo. Vitufe vyake wiki ya kwanza vitakutoa jasho. Mji wa Louisville una mazombi mengi kiasi kwamba laptopu yuzdi isiyo na kadi ya grafiksi inapumua kwa shida, baki vijijini kama Muldraugh. Na modi za Workshop, nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, zinajiapdeti zenyewe kimya kimya, zinakula bando na wakati mwingine zinakuharibia sevu, kwaiyo ukiweka modi arobaini usimlaumu mtu.

Valheim ni ya pili. Hii ilitoka Februari 2021, imetengenezwa Sweden na kampuni ambayo ilikuwa na watu watano, na kitu kilichonifanya nifungue macho ni kwamba faili lote lilikuwa kama GB 1. Moja! Ulimwengu mzima wa Waviking wenye bahari, milima, misitu na majitu ya kupigana nayo, ndogo kuliko apdeti moja ya magemu ya mpira. Ndani ya miezi michache ilikuwa imeuza nakala milioni kadhaa, na bei yake hiyo hiyo dola 19.99. Apdeti zao kubwa nazo ni za kuhesabu, Hearth & Home 2021, Mistlands mwisho wa 2022, Ashlands Mei 2024. Ulimwengu wako wa zamani unaendelea, ila vitu vipya vinatokea sehemu ambazo hujafika bado, kwaiyo usiwe na kiherehere cha kuzunguka ramani yote. Tofauti na Zomboid hii inataka kadi ya grafiksi, kama huna utacheza ila itakuwa inakwama kwama na feni itakuwa inalia kama pikipiki ya Sido. Mwezi wa saba na baridi letu hili hilo la feni mi nalihesabu kama faida, naipakata.

Sasa upande wa pili. Kerbal Space Program ya kwanza, ile ya kujenga roketi, ilikuwa miongoni mwa magemu ya mwanzo kabisa ya erli akses mwaka 2013 na ikafika 1.0 Aprili 2015, gemu safi kabisa. Ya pili ikaja Februari 2023, bado haijakamilika, bei dola 49.99, hiyo ni laki na ushee kwetu. Ramani ya mambo yatakayoongezwa ilikuwa ndefu, makoloni, safari za nyota nyingine, kucheza wengi. Desemba 2023 wakaleta sehemu ya sayansi, 2024 studio ikafungwa, na vingine vyote vikaishia kwenye ramani. Jina lile lile, na nyuma yake kampuni kubwa yenye pesa. Kwaiyo ile imani kwamba kampuni kubwa haiwezi kuacha njiani, ifute. Waingereza waliovunjiwa nyumba waliendelea kujenga, hao waliacha njiani.

Dalili moja ya kuangalia kabla ya kulipa, fungua historia ya apdeti za gemu kwenye ukurasa wake. Siku hizi Steam yenyewe inaweka tangazo kama gemu la erli akses halijaguswa zaidi ya mwaka. Ila usisome tarehe tu, soma walichobadilisha. Apdeti za kila wiki zinazosema wameongeza kofia sio maendeleo, ni bando lako linaenda bure.

Baldur's Gate 3 kila mtu anaisifia na kweli inastahili, lakini mtu wa bando asingeifuata kipindi kile. Iliingia erli akses Oktoba 2020 kwa bei kamili ya karibu dola 60, ikawa na sehemu ya kwanza tu ya hadithi, apdeti kubwa zikawa zinaua sevu za zamani, na ilipokamilika Agosti 2023 wakaambiwa wafute wadaunilodi upya. Inataka GB 150 kwenye diski. Piga hesabu hiyo na bei ya bando lako mwenyewe, mi nisikuharibie siku.

Kuna kitu cha kiufundi hapa wengi hawakijui. Steam inapoapdeti hailetei gemu zima, inakata faili vipande vya kama MB 1 na kuleta vile vilivyobadilika tu. Ni mfumo mzuri, shida ni mtengenezaji akipakia kila kitu kwenye faili moja kubwa lililobanwa, akibadilisha kitu kidogo vipande vyote vinasogea, na wewe unajikuta unaletewa GB 12 kwa ajili ya kurekebisha rangi ya mlango. Ndo maana magemu mawili yenye ukubwa sawa yanaweza kukula tofauti kabisa. Soma maoni ya wachezaji, wa nchi zenye intaneti ya kupima kama sisi huwa wanalalamika hilo hilo.

Kwenye mipangilio weka apdeti zije ukifungua gemu tu, au weka masaa yake yaangukie kwenye bando la usiku. Ukitaka kucheza bila kuapdeti, jaribu kuwasha hali ya ofulaini kabla hujalifungua. Na wadogo zangu wa MUST, chuo kikuu chetu cha hapa Mbeya, hii ni ya kwenu, tangu 2023 Steam inaruhusu faili za gemu kuhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani, ruta moja tu ya kawaida, nyote mko kwenye Steam na mmekubaliana kwenye mipangilio ya daunilodi kwamba marafiki wanaruhusiwa. Mmoja anashusha, wengine wananyonya kwake, bando la nje haliguswi zaidi ya vijisenti. Chumba kimoja hapo Iyunga mkichanga bando moja la usiku, Build 42 inakuwa kwenye laptopu zote kabla ya kipindi cha asubuhi. Ila kila mtu awe amelinunua kwenye akaunti yake, undugu wa hosteli Steam hawautambui.