Nimenunua postikadi 20 za mastaa wa filamu wa zamani kwa euro 40: nimepigwa au sijapigwa?

Haya jamani, karibuni. Leo sina simu wala spika ya kuwakagulia. Nina bahasha hii hapa, imefika juzi, na ndani yake kuna postikadi 20 za mastaa wa filamu wa miaka ya 1920 na 1930. Nimelichukua fungu zima mtandaoni kwa euro 40, na muuzaji kaandika "zote halisi". Hilo neno "zote" liwekeni pembeni, tutalirudia.

Nyingi kati ya hizi zimetoka kampuni moja ya hapa hapa Berlin ninapoishi, Ross Verlag, ya bwana mmoja Heinrich Ross. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa biashara hii Ujerumani. Ukiigeuza kadi yake unakuta mstari katikati, upande wa anwani na upande wa salamu, na jina la kampuni. Mbele, chini ya picha, kuna jina la staa, jina la studio, kwa mfano Ufa au Paramount, halafu nambari. Sogezeni macho hapa: tarakimu nne, mkwaju (/), kisha 2. Ile 2 baada ya mkwaju inakwambia kwamba staa huyu ana picha nyingine kwenye mfululizo huo huo. Ndiyo ugonjwa wenyewe unapoanzia. Ukiwa na 2, usiku hulali, unaitafuta 1.

Sasa twende kwenye ukaguzi. Kifaa cha kwanza ni hiki kioo cha kukuzia, kinakuza mara 10, kile wanachotumia masonara. Euro 8. Nakiweka juu ya shavu la Greta Garbo... subirini kamera ishike... mnaona? Hakuna nukta. Kivuli kinaingia kwenye mwanga taratibu kama moshi. Hiyo ni picha halisi, imesafishwa kwenye karatasi ya picha. Sasa naiweka kwenye hii ya Marlene Dietrich, ambayo kwa macho ni nzuri kuliko zote, inang'aa. Nukta tupu! Nukta kama picha ya gazeti. Ni nakala iliyochapwa mtambo juzijuzi. Tahadhari lakini: nukta peke yake haimfungi mtu, maana zamani pia walichapa kadi kwa mtambo. Ndiyo maana nina kifaa cha pili.

Hii tochi mnaijua, ni ile ya kukagulia noti bandia dukani. Zima taa. Garbo yuko kimya, mgongo wa kadi umebaki na rangi yake ya maziwa mgando. Dietrich anawaka buluu kama shati jeupe kwenye kumbi za disko. Karatasi za baada ya Vita Kuu ya Pili ndizo zilizoanza kutiwa dawa ya kuzing'arisha, na dawa hiyo ndiyo inayowaka. Kwa hiyo kadi ya mwaka 1930 haina sababu ya kuwaka. Hii ni feki, bibi Dietrich atusamehe.

Jambo la tatu halihitaji kifaa. Inamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha, utazame sehemu nyeusi, nywele au koti. Mkiona utando unaometa kama kioo cha zamani, basi ni fedha iliyomo kwenye picha inapanda juu kwa uzee. Wengine wanaiona kasoro. Mimi nikiiona nashusha pumzi.

Matokeo: kati ya 20, nakala za kisasa ni 3. Nyingine 2 zilibanduliwa kwenye albamu vibaya, mgongoni zimeganda karatasi nyeusi na maandishi yote yamekufa. Zilizobaki 15 ni nzuri, na moja ilitumwa kabisa kwa posta, ina stempu ya kijani ya pfenigi 6 yenye kichwa cha Hindenburg, rais wa zamani wa Ujerumani. Mwandiko siuwezi, ni ule wa Kijerumani wa zamani, kama mchwa wametembea.

Kuna 4 ambazo mgongoni hazina jina la Ross, zimeandikwa Film-Foto-Verlag. Sio feki. Ross alikuwa Myahudi. Mwaka 1937 Wanazi walimtoa kwenye kampuni yake mwenyewe, akaishia kuhamia Marekani. Jina lake wakaendelea kulitumia kwa sababu lilikuwa linauza, hadi 1941 walipolifuta. Kwa hiyo ukiona Film-Foto-Verlag, ujue kadi hiyo ni ya wakati wa vita.

Na hapa niwaonyeshe iliyonifanya ninunue fungu lenyewe. Hans Albers. Macho hayo, kofia imelala upande. Mwaka 1941 huyu bwana aliigiza kama Carl Peters, yule yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, kwenye filamu ya propaganda yenye jina lake. Na humo ndani yumo mtu wa kwetu, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, naye akaingia Vita Kuu ya Kwanza akiwa mtoto. Alikuja Berlin 1929, akawa mhudumu wa mgahawani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu nyingi, zaidi zile nafasi ndogondogo. Mwaka huo huo wa 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko Novemba 1944. Albers ana kadi chungu nzima, hata sokoni Jumapili unazikuta kwenye boksi la viatu. Ya Husen sijawahi kuiona.

Kuhusu kuhifadhi, haraka haraka. Hii albamu ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya bei rahisi. Nusa tu, harufu ya pazia la bafuni. Plastiki ya aina hiyo, PVC, inatoa mafuta na kunata kwenye picha. Tafuta kurasa za polipropilini. Na wewe uliye Tanga au Mombasa, adui yako ni unyevu: weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, na usiziegemeze kadi kwenye ukuta wa nje. Kadi zikishanasana uso kwa uso, usizivute. Mimi nilivuta mara moja. Sitaki kuongea.

Bei je? Euro 40 kwa kadi 15 nzuri ni kama euro 2 na senti 70 kila moja. Sijapigwa, ila "zote halisi" ulikuwa uongo, kwa hiyo fungu nalipatia alama 6 kwa 10. Kioo cha kukuzia alama 9. Kama ndiyo unaanza, anza na hicho kioo, halafu nenda sokoni ukachague moja moja kwa mkono. Garbo na Dietrich watakukamua, bei zao ziko juu. Majina yaliyosahaulika ni rahisi na karatasi ni ile ile.

Albers nimempachika ukurasa wa kwanza, nafasi ya pembeni yake iko wazi. Mwenye kadi, au hata picha ya matangazo ya sinema ambayo Husen anaonekana, aniandikie hapo chini kabla hajaipeleka mnadani. Nitalipa, na nauli ya posta juu yangu.