Uzoefu wangu: misimu sita ya kufyeka nyasi kwa mashine za petroli, nyumbani na kwa malipo

Kwa misimu 6 ya masika nimekuwa nikifyeka nyasi kwa mashine za petroli hapa Morogoro, kwanza kwenye kiwanja changu cha Kihonda chenye ukubwa wa karibu nusu ekari, kisha kwa malipo, kwenye viwanja vya watu ambavyo havijajengwa, kwenye uwanja wa shule moja na kwenye shamba la miembe nje ya mji. Katika muda huo nimemiliki mashine 3, na ya kwanza ilikufa kabla haijatimiza mwaka. Ninamwandikia mtu anayesimama dukani na fedha aliyoikusanya kwa taabu, akitazama mashine zilizoning'inizwa ukutani, zote zikiwa na rangi ya kuvutia na namba kubwa ubavuni, naye hajui ipi itamfaa.

Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na ilibandikwa karatasi iliyosema ni ya cc 52. Muuzaji alinieleza kwamba kila lita 1 ya petroli inataka kifuniko kimoja cha oili, nami nikafuata maneno yake kama yalivyo. Iliwaka vizuri, ilifyeka vizuri, na nilipoanza kupokea kazi za watu iliniletea fedha. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa nne, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, ikaanza kupoteza nguvu, ikazima, na kamba ya kuwashia ikawa nzito hata haivutiki. Fundi aliifungua mbele yangu. Pistoni ilikuwa imekwaruzika upande mmoja wote wa kutolea moshi, na ringi zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye mifereji yake. "Mwalimu, hii imekufa kwa kiu," akaniambia, akimaanisha kiu ya oili.

Tulipima kile kifuniko kwa bomba la sindano, tukakuta kinabeba mililita 10. Maana yake ni kwamba nilikuwa nikiiendesha kwa sehemu 1 ya oili kwa sehemu 100 za petroli, ilhali kitabu chake, ambacho sikukisoma, kilitaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Fundi akapima pia mdomo wa silinda, ukawa milimita 40. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma kibati cha injini badala ya karatasi ya rangi. Mashine nyingi za aina ile huwa na maandishi kama 1E40F au 1E44F, na ile namba ya katikati ndiyo kipenyo cha silinda kwa milimita. Silinda ya milimita 40 ambayo pistoni yake inasafiri milimita 34 inatoa ujazo wa cc 42.7, na ili ufike karibu na cc 52 kwa mwendo huohuo lazima kipenyo kiwe milimita 44. Yangu ilikuwa na kibati cha 1E40F muda wote, chini ya karatasi ya 52, na mimi sikuinama kukitazama.

Hata hivyo, ukubwa wa injini si jambo la kwanza ambalo ningemshauri mtu aulize. La kwanza ni saa: mashine itafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Mwenye nyumba anayefyeka kiwanja chake kila baada ya wiki 2 wakati wa mvua, na mara moja kwa mwezi kiangazi kikiingia, huenda asifikishe saa 40 kwa mwaka mzima. Anayefyeka kwa malipo hufikisha saa hizo katika wiki 2. Hawa wawili hawapaswi kununua mashine moja, hata kama nyasi zao ni zilezile.

Kwa ajili ya nyumbani nilinunua mashine yenye injini ya mipigo minne, Honda GX35 ya cc 35.8. Injini hii haitaki petroli ichanganywe na chochote, kwa kuwa ina sehemu yake ya oili inayobeba mililita 100 tu, ambayo hubadilishwa baada ya saa 10 za mwanzo na baadaye kila baada ya saa 50. Kwa familia ambayo mashine hushikwa na baba leo na kijana kesho, kuondoa kabisa suala la kuchanganya ni faida kubwa kuliko nguvu ya ziada. Mlio wake ni wa chini, moshi wake ni kidogo, na mke wangu, ambaye hakuwahi kuivuta ile ya kwanza hata mara moja, huiwasha hii mwenyewe. Kasoro yake kwangu ni uzito: inapita kilo 7, na baada ya saa 1 bega hulihisi. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kukagua oili kila kabla ya kuwasha, kwa sababu mililita 100 ni kidogo sana, na zikipungua hakuna akiba.

Kwa kazi za malipo nilichagua Stihl FS 250, ya cc 40.2 na nguvu ya kilowati 1.6, yenye uzito wa kilo 6.3 bila mafuta. Hii ni ya mipigo miwili, hivyo oili ni ya kuchanganya: sehemu 1 kwa 50 ukitumia oili ya kampuni yenyewe, sehemu 1 kwa 25 ukitumia oili nyingine ya mashine zinazopozwa kwa hewa. Katika dumu la lita 5 hiyo ni mililita 100 au 200. Nina chupa yenye alama za mililita ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote, na kijana ninayefanya naye kazi haruhusiwi kuchanganya kwa macho. Jambo moja ambalo wauzaji wachache hulisema: oili ya boti yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, na kwenye mashine ya kufyekea, ambayo joto lake ni kubwa zaidi, haifai. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD, ambayo ni viwango vya ubora vya oili ya injini za mipigo miwili. Mchanganyiko wenyewe usiukalishe zaidi ya mwezi 1.

Kilichonifanya nitoe fedha nyingi zaidi kwa mashine hii ni spea. Kabla ya kulipa nilienda kwenye maduka ya spea mjini, nikauliza kama wana pistoni na ringi zake, kamba na springi ya kuwashia, kabureta, na kichwa cha uzi. Vyote nikavipata bila kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Nawashauri wote wafanye hivyo, kwa mashine ya bei yoyote, kwa sababu mashine inayokaa wiki 3 kwa fundi katikati ya masika imekwisha kula faida ya msimu. Na nikiri kwa haki kwamba mashine za bei nafuu zina ubora wao hapa: spea za zile za 1E40F na 1E44F zimejaa kila mahali, na mtu anayepima oili vizuri anaweza kuzitumia nyumbani kwa miaka.

Uzi au kisu ni uamuzi wa nyasi, na watu wengi hukosea hapa. Uzi wa nailoni wa kufyekea ulibuniwa na George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971, baada ya kuona brashi zinazozunguka za kuoshea magari, na bado unafanya kazi kwa namna ileile: ni kasi yake inayokata. Kwenye ukoka wa uani natumia uzi wa milimita 2.4, na kando ya kuta na mashina ya miti sitaki kitu kingine. Kwenye mabingobingo uzi huishia kujizungusha na kukatika. Hapo nafunga kisu cha meno 3. Angalia tundu la katikati kabla ya kununua kisu, maana kuna vya milimita 25.4 na vya milimita 20, na kisu kilicholegea kwenye tundu lake ni hatari. Kuna pia vichwa vyenye vipande vya mnyororo badala ya uzi. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku mwaka 2012, kwa sababu kipande kikikatika huruka kama risasi. Nimewahi kuletewa kimoja nikifunge kwa sababu kinamaliza kazi haraka, nikakataa, na nitaendelea kukataa.

Kisu huzunguka kinyume cha saa ukikitazama kutoka juu, kwa hiyo fyeka ukitoka kulia kwenda kushoto, na usiguse kisiki kwa sehemu ya mbele upande wa kulia, kwa maana mashine itarushwa kwa nguvu usiyoweza kuizuia. Mtu yeyote asikaribie ndani ya mita 15. Jiwe nililolirusha mwaka wa pili lilitoboa ubavu wa bajaji iliyoegeshwa hatua 12 kutoka nilipokuwa. Dereva alikuwa ameshuka kununua maji. Tangu siku ile siwashi mashine kabla ya kuzunguka eneo zima kwa miguu nikiokota mawe, chupa na waya, na uwanja wa shule naufyeka Jumamosi tu.

Mkanda uwe wa mabega mawili, miwani na vikinga masikio viwepo, na vidole vikianza kufa ganzi pumzika, kwa kuwa mtetemo huumiza mishipa taratibu. Mimi hufanya kazi kwa tangi moja, kisha hupumzika robo saa.

Kuhusu chenso na mashine ya kusukuma yenye magurudumu, sina mengi. Chenso ninaikodi pamoja na mwenye nayo, kwa sababu miti ya kukata ni michache. Ile ya magurudumu hupendeza kwenye bustani tambarare, lakini viwanja vingi ninavyofyeka vina mashimo na mawe.

Masika ya mwaka huu FS 250 imefanya kazi siku 4 kwa wiki. Nimebadilisha plagi 1 na chujio la hewa 1, nimeongeza grisi kwenye giaboksi ya chini kila wiki, na mwezi wa sita nitamwaga mafuta yote, nitaiacha iungurume hadi izime yenyewe, kisha nitaining'iniza ghalani mpaka vuli.