Mafuta ya kitani kwenye kiti cha mvule: uzoefu wangu

Kwa kiti cha zamani ninayasifu mafuta ya mbegu za kitani (linseed), ila mvule una masharti yake. Nunua yaliyotiwa kikaushio (dawa ya kuharakisha kukauka), yaani yale yanayouzwa kama "yaliyochemshwa". Mabichi hukaa siku nyingi bila kukauka. Nusu lita ilinitosha kiti kizima chenye mikono, kwa kupaka mikono mitatu (yaani mara tatu), na yakabaki.

Vanishi kuukuu niliikwangua kwa kipande cha kioo kama mafundi wafanyavyo, nikifuata nyuzi za mbao. Dawa ya kutoa rangi niliiweka kwenye nakshi tu. Kostiki soda usiiguse, inaunguza mbao na kuifanya nyeusi. Kisha msasa namba 120, halafu 180, basi. Mvule uliopasuliwa leo ni wa manjano, na ile kahawia nzuri inakuja kwa mwanga na miaka. Ukisugua mpaka ndani unaifuta hiyo miaka, na kiti kinabaki na mabaka. Ukianza na msasa mkali wa namba 60 mikwaruzo haionekani mbao ikiwa kavu, ila mafuta yakipita yote inajitokeza.

Shida kubwa ni kwamba mvule una kemikali zake za asili zinazozuia mafuta kukauka. Wengi wanalaumu mafuta, kumbe ni mbao. Nilifuta kiti kizima kwa kitambaa chenye tina (thinner, kiyeyusho cha rangi) mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya kahawia, nikasubiri nusu saa tu, kisha nikapaka mafuta. Ukiacha hadi kesho, utomvu unapanda tena juu. Kazi hii ifanyie nje, mbali na moto.

Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili yazame. Acha dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu, yote kabisa. Pitisha kidole: kikiacha mchirizi unaong'aa, futa tena. Kwenye kona chini ya mikono ya kiti yalibaki kidogo, yakaganda yakinata kama asali. Kitambaa chenye tapentaini kiliyatoa. Mikono miwili inayofuata paka bila kuchanganya, kwa kuachana saa 24. Pwani wakati wa masika subiri siku mbili au tatu.

Vitambaa vilivyotumika usivikunje wala kuvirundika. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Udhaifu wake: kikombe cha moto huacha alama, na rangi inazidi kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Meza ya chakula ipake vanishi isiyong'aa. Kwa kiti, alama ikitokea unapitisha msasa 240 hapo hapo, unaongeza tone la mafuta, unafuta. Vanishi ikibanduka, mara nyingi unaanza upya kukwangua.