Uzoefu wangu na AutoHotkey: kutoa orodha ya wakulima kwenye Excel na kuijaza kwenye fomu

Nafanya kazi za kompyuta kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Masasi. Kabla msimu wa korosho haujafunguka, taarifa za wakulima lazima ziingie kwenye mfumo, mkulima mmoja mmoja: majina matatu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), simu, wilaya, kijiji, idadi ya mikorosho. Orodha tayari iko kwenye Excel, ila mfumo hauna pa kupakia faili zima. Ni kukopi na kupesti mpaka vidole vife ganzi.

Ndipo nikaanza kutumia AutoHotkey. Ni programu ya bure, na ni ya Windows tu. Unaandika maelekezo kwenye faili la kawaida la maandishi, unachagua kitufe cha kuyaita, nayo inabonyeza kibodi badala yako. Skripti yangu haizidi mistari kumi. Nakopi mstari mzima wa mkulima, nahamia kwenye fomu, nabofya kisanduku cha kwanza, nabonyeza F8. Excel ikikopi mstari huweka alama ya Tab kati ya seli na seli. Skripti inakata hapo, inaandika kipande, inabonyeza Tab kuruka kisanduku kinachofuata, inasubiri kidogo, inaendelea. Sharti safu za Excel zifuate mpangilio wa fomu.

Lakini kazi kubwa iko kwenye Excel yenyewe, na hapa wengi wataumia. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel ikiichukulia kama namba hutunza 15 za mwanzo tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri, na hazirudi hata ukiibadilisha safu baadaye. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla hujaingiza chochote. Ya simu pia, la sivyo ile sifuri ya mbele inapotea. Makro, yaani skripti kama hii inayobonyeza badala yako, itaandika namba mbovu kwa kasi ileile inayoandika nzima.

Ukipenda kuandika simu kwa +255, usitumie amri ya Send peke yake. Kwake alama ya kujumlisha maana yake ni kubonyeza Shift, kwa hiyo kwenye kibodi zetu za kawaida unapata @55. Tumia SendText, inaandika herufi kama zilivyo.

Menyu za kuchagua wilaya nazo zina ujeuri wao. Menyu za kawaida hukubali ukiandika jina. Ila kompyuta ikikwama katikati ya herufi, mkulima wa Nanyumbu anaweza kuandikishwa Nanyamba, maana majina hayo yanaachana kwenye herufi ya tano.

Hilo ndilo la kulielewa kabla hujaisifia: makro haioni. Haijui kama ukurasa umefunguka au bado unazunguka, inabonyeza tu. Bando likiwa zito naongeza muda wa kusubiri kati ya kisanduku na kisanduku. Na kitufe cha Hifadhi sijaipa, ingawa ni mstari mmoja tu kuongeza. Fomu ikijaa natupia jicho jina, NIDA na wilaya, halafu nahifadhi kwa mkono wangu. Katibu anasema najichelewesha. Siku ya malipo mkulima akikosa pesa kwa sababu ya namba, hamfuati katibu. Pia nimeweka Esc izime skripti papo hapo.

Kwa anayeanza: toleo la 2 lilitoka Desemba 2022, na skripti nyingi za zamani zilizozagaa mtandaoni ni za toleo la 1, hazifanyi kazi humo bila kurekebishwa. Maelekezo yake rasmi ni ya Kiingereza, marefu, ila mifano inasomeka.

Naipa nyota nne. Kwa orodha ya mamia ya wakulima siwezi tena kurudi kwenye kupesti. Ya watu ishirini naandika mwenyewe, kuiandaa tu ile Excel kunachukua muda uleule.