Miaka tisa nikiuza kusini ya mbali bila kuiona

Nianze na kosa langu. Mwaka juzi niliwakatia maharusi wa Chuno, mtaa wa hapa Mtwara, tiketi za Cape Town, fungate la siku sita, mwezi wa saba. Nikawaambia wabebe nguo za kuogelea. Niliwaza kama mtu wa Mtwara: mwezi wa saba ni kipupwe, kusi linavuma, mvua hakuna, jua lipo. Walirudi na mafua, na picha nyingi za dirisha la hoteli linalotiririka maji. Bwana harusi alikuja ofisini kwangu, akaweka simu mezani picha zikionekana, akakaa kimya. Afadhali angenigombeza.

Kumbe mvua za Cape Town ni za mwezi wa sita hadi wa nane, wakati sisi tumeshaanika udaga tumemaliza. Nimeuza tiketi za huko miaka tisa na sikulijua hilo, kwa sababu vipeperushi tunavyoletewa havina hata picha moja yenye wingu.

Basi kampuni moja inayotuuzia mawakala safari kwa jumla iliponialika kwenye ziara ya mawakala, Cape Town halafu Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, siku kumi na mbili, nusu ya gharama kwangu, nilikubali kabla mpigaji hajamaliza kueleza. Na ziara ilikuwa mwezi wa saba huohuo. Nikasema sawa, niende nikalipe deni la wale maharusi kwa mwili wangu.

Ushauri wa kwanza kwa wateja wa huku hauhusu Cape Town wala New Zealand, unahusu kutoka Mtwara. Ondokeni siku mbili kabla. Tangu Mei 2024, mafuriko yalipoikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, simwambii mtu kwamba basi litamfikisha kwenye ndege ya kimataifa siku hiyohiyo. Ndege ya ndani nayo ina mambo yake. Yangu ilisogezwa mbele kwa saa nne, na ujumbe wa simu ulifika nikiwa nimeshakaa uwanjani na begi.

Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya kawaida, hilo mnalijua. Linalosahaulika ni Sydney. Ukibadilisha ndege Australia kwenda New Zealand, pasipoti yetu inadai viza ya kupita, hata kama hutoki nje ya uwanja. Haina ada, lakini iombwe mapema. Tulikuwa mawakala tisa kutoka nchi mbalimbali, na mmoja wetu alizuiwa kaunta ya Johannesburg kwa sababu ya karatasi hiyo. Wakala! Mtu anayekula kwa kuwakumbusha wengine viza. Alitufuata siku tatu baadaye, na hatukumtania sana, kila mmoja akijua ingeweza kuwa zamu yake.

Cape Town yenyewe naipa alama za juu, pamoja na mvua yake. Siku mbili mlima wao, Table Mountain, ulifunikwa kabisa. Siku ya tatu ukafunguka asubuhi, tukakimbilia gari la waya linalopandisha watu juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka baharini. Dereva wetu akanitahadharisha kwamba kiangazi nacho kina adha yake: upepo wa kusini-mashariki huvuma hadi gari hilo linasimamishwa, na mgeni mwenye siku mbili tu anaweza kurudi kwao bila kupanda. Nimeandika hilo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Ila kilichonishika si mlima. Ni Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wenye nyumba za rangirangi. Pale upo msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794, wa kwanza nchini humo, na imamu wake alikuwa Tuan Guru, mfungwa aliyeletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia wakamfungia Robben Island. Msahafu aliuandika kwa kumbukumbu ya kichwani. Nikaswali adhuhuri, nikala sambusa ambazo bibi yangu asingezikataa.

Mchana wa siku hiyo mtembezaji akatuonyesha ufukwe wa Clifton, watu wa huko wanakoota jua msimu wa joto. Akasema mwaka uleule wa 1794, mwezi wa Desemba, meli ya Kireno iitwayo São José ilivunjika pale. Ilikuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji na watumwa zaidi ya 400. Karibu nusu walizama. Waliookoka waliuzwa. Wenzangu walipiga picha wakarudi garini. Mimi nilibaki, maana bara iliyo mkabala na kisiwa hicho ni nchi ya Wamakua, na bibi niliyemtaja alikuwa Mmakua wa upande wa pili wa Ruvuma. Kwenye kipeperushi cha Clifton ninachogawa ofisini kuna miavuli na glasi za juisi tu.

Kutoka Johannesburg hadi Sydney ni kama saa kumi na mbili angani, bahari tupu chini. Kurudi ni kama kumi na nne, kwa sababu upepo mkali wa magharibi unaokusukuma wakati wa kwenda ndio unaokupinga wakati wa kurudi. Mzee yeyote wa jahazi hapa Mikindani angekuambia hivyo bila kupanda ndege. Vaeni soksi, tembeeni kila baada ya saa mbili.

Queenstown, New Zealand. Kabla ya kufika unajaza fomu ya kutaja chakula, mimea, viatu vyenye udongo, vyote. Usipotaja, faini ya papo kwa papo ni dola 400 za kwao. Mimi nilikuwa na korosho kilo mbili, zimekaangwa, za kugawa kwa wenyeji, na buti zenye matope ya Cape Town. Nilitaja vyote huku moyo ukidunda. Mkaguzi akafungua mfuko, akanusa, akaniuliza zimetoka wapi, nikamwambia. Akazirudisha. Buti akaondoka nazo, akanirudishia safi kuliko nilivyozinunua. Sijawahi kupata huduma ya namna hiyo bure mahali popote.

Sasa baridi. Siwezi kuieleza kwa mtu ambaye anavaa sweta nyuzi 22. Lakini kilichonichanganya zaidi ni saa. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza ni kumi na mbili, basi. Kule mwezi wa saba jua linachomoza saa mbili imepita. Saa sita mchana limeinama kama la saa kumi huku kwetu, na kabla ya saa kumi na mbili jioni ni giza. Kibla nacho. Mtwara tunaelekea kaskazini, karibu mstari ulionyooka. Queenstown nilielekea magharibi, tena kidogo upande wa kusini. Niliangalia simu mara tatu, nikadhani imeharibika.

Siku ya Milford Sound, ghuba nyembamba iliyobanwa na milima, tuliondoka gizani. Ni kilomita kama 290 kwa basi, saa nne na zaidi, theluji pembeni, halafu handaki la zaidi ya kilomita moja lililotobolewa kwenye mwamba. Tulipotokea upande wa pili mvua ilikuwa inamwagika. Nikanuna. Nimetoka Mtwara kuja kunyeshewa? Nahodha wa boti akacheka: hapa hunyesha karibu mita saba kwa mwaka, na mvua ndiyo inayotengeneza maporomoko. Akasema kweli. Kila ukuta wa mlima ulikuwa unashuka maji, mamia ya mistari myeupe, mingine upepo unaipeperusha haifiki chini. Mvua ikikatika, mingi inapotea baada ya muda mfupi. Kuna usubi pia, wanang'ata hata kwenye baridi ile, nani angeamini.

Yasiyonifurahisha: hoteli. Ziara za mawakala zina ugonjwa huo, mnakaguliwa vyumba mpaka mnachoka. Siku moja tulikagua vyumba vya hoteli saba, vitanda vilevile, mito ileile, huku ziwa liko nje linatungoja. Chakula cha halali Queenstown kilinisumbua, kwa hiyo nilikula samaki na chipsi siku nne mfululizo. Na bei! Kahawa moja ni nauli ya bodaboda kwa wiki.

Usiku wa mwisho anga ilikuwa safi. Nikatoka nje kuitafuta Msalaba wa Kusini, zile nyota nne ambazo hapa kwetu zinazama kila siku. Kule hazizami, zinazunguka tu juu mwaka mzima. Nilisimama mpaka masikio yakauma.

Ninachouza sasa kimebadilika. Wateja wangu wengi wanashika hela mnada wa korosho ukishafunguka, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kwanza, na ndipo joto la kusini ya mbali linapoanza hadi kiangazi chake. Sijui kwa nini miaka yote nilikuwa nawasukuma kwenda mwezi wa saba, wakati mifuko imekauka na huko kunanyesha. Cape Town nampeleka mtu yeyote mwenye siku saba. New Zealand namwambia asiende kwa chini ya siku kumi na sita, vinginevyo ataona viwanja vya ndege tu.

Wiki iliyopita niliwapigia wale wa Chuno. Nimewapa kamisheni yangu yote iwe punguzo lao, safari ya Januari, na siku mbili za akiba kwa ajili ya upepo wa mlimani. Bibi harusi akauliza kama wabebe nguo za kuogelea. Nikamwambia wabebe, na sweta pia.