Taa za Video: Ipi Inaitendea Haki Ngozi?

Watu wakienda kununua taa huuliza wati kwanza. Mimi naomba uulize wekundu. Damu iliyo chini ya ngozi ndiyo inayoupa uso uhai, awe mtu mweusi au mweupe, na taa iliyopungukiwa wekundu humfanya mzima aonekane mgonjwa.

Namba ya CRI iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia (ukomo wake ni 100), haitoshi. Ni wastani wa rangi 8 zilizofifia, na wekundu uliokolea, unaoitwa R9, haumo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana taa yenye CRI 90 bado inaweza kupausha midomo. Mimi sinunui taa yenye CRI chini ya 95, wala R9 chini ya 80. R9 isipotajwa popote, naiacha.

Namba ya kwanza naipa LED ya nukta moja, ambayo mwanga wake wote hutoka sehemu moja ndogo, ya mwanga wa mchana wa kelvini 5600 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ikiwa na softiboksi, lile kasha la kitambaa cheupe. Softiboksi pana ikisogezwa karibu na uso, mng'ao hutandaa taratibu shavuni. Kwa ngozi nyeusi jambo hili ni kubwa mno: taa ndogo iliyo wazi huacha madoa meupe kwenye paji la uso na pua, na poda haiyaondoi yote.

Ya pili ni paneli ya LED ya rangi mbili, inayogeuka kutoka kelvini 3200, mwanga wa kimanjano, hadi 5600. Ni nyepesi na inafaa chumba kidogo, ila itundikie kitambaa cheupe mbele.

Taa ya duara naiweka ya tatu. Huufanya uso kuwa bapa, na duara lake huonekana ndani ya miwani. Paneli za rangi zote ninazipenda kwa kupamba ukuta wa nyuma, si kwa uso.

Kabla ya kulipa, zima taa nyingine zote, sawazisha weupe wa kamera kwa karatasi nyeupe, kisha rekodi kiganja chako. Tazama ncha za vidole. Zikibaki na wekundu wake, chukua. Zikigeuka kijivu au kuingia ukijani, irudishe hata kama imepunguzwa bei.